Muheza hadi Amani kwa baiskeli: tairi gani, na Phoenix ya babu itapanda?

Bint Kigamboni

Salaam wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni mkazi wa Kigamboni. Jumapili nyingi napiga baiskeli Kibada, Gezaulole, Kimbiji, na nikiamka na nguvu nafika Pemba Mnazi. Mchanga nimeuzoea, upepo wa bahari nimeuzoea, ila tambarare imenichosha. Mwezi wa nane nina likizo, nataka siku mbili tatu za rafu rodi yenye mto pembeni na msitu juu ya kichwa. Kuna wanaoniambia niende Lushoto, kuna wanaoniambia Muheza kupanda Amani. Nimetazama ramani nikaona barabara ya Amani inafuatana na mto Zigi, moyo ukaelekea huko.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, fremu ya alumini, tairi 700 x 32 (yaani upana milimita 32), mbele gia tatu, nyuma saba, breki za raba. Siyo hizo greveli, baiskeli za kisasa za rafu rodi za mamilioni tunazoziona kwenye simu. Mdogo wangu wa kiume anataka kunifuata na Phoenix ya marehemu babu, ile nyeusi yenye breki za vyuma. Nimemwambia haitafika, amenuna wiki nzima.

Naomba mwenye uzoefu aniambie: tairi hizi zinatosha? Mlima ni wa kupanda mtu au wa kusukuma? Na tunalala wapi?

Msambaa wa Lukozi

Dada, njoo Lushoto. Amani utakuta ukungu na majani ya chai. Huku unatoka Lushoto mjini, unaingia msitu wa Magamba mbega wanaruka juu yako, unatokea Shume kwenye misonobari, unakula Lukozi kwenye soko la mboga, unalala Mtae ukingoni kabisa, Mkomazi yote imetandazwa chini yako. Kukipambazuka kweupe unauona Kilimanjaro.

Ila kutoka Mombo hadi Lushoto usiendeshe. Lami nyembamba, kona juu ya kona, na Fuso zinashuka na kabichi zimejaa hadi juu ya turubai. Panda basi mpaka mjini, baiskeli ianzie huko.

Fundi Spoku

Binti yangu, huyo Msambaa hajakudanganya, Mtae ni pazuri na viazi vyao ni vitamu. Lakini wewe umeuliza mto wenye kivuli, na huo uko huku kwetu. Mimi ni fundi baiskeli Ngamiani, Tanga, mji ambao mama mtu mzima anakwenda sokoni kwa baiskeli na hakuna anayegeuka kumtazama. Njia ya Amani naijua kwa miguu, kwa baiskeli na kwa kuletewa magurudumu yaliyovunjikia huko.

Nianze na mdogo wako, maana amenuna bure. Shika tairi ya hiyo Phoenix usome pembeni. Utakuta imeandikwa 28 x 1½. Ukipima upana ni kama milimita 38 hadi 40. Sasa nenda kasome hizo greveli za mamilioni zinavaa tairi gani: 38, 40, 42. Yaani vijana wa Ulaya wamehangaika na tairi nyembamba za lami miaka na miaka, leo wamerudi kwenye upana wa tairi ya babu yako wanaona wamegundua jambo. Kwa tairi, yeye yuko tayari kuliko wewe. Wewe ndiye mwenye kasoro, 32 ni nyembamba kwa mawe ya Zigi. Itafika, lakini utapigwa mikono mpaka usukani uuchukie, na kila jiwe lenye makali litatafuta tyubu yako.

Geuza baiskeli yako juu chini, tazama nafasi kati ya tairi na uma wa mbele, kisha nyuma pale fremu inapobanana karibu na pedeli. Ikibaki nafasi ya kuingiza kidole kidogo kila upande, vaa 38 yenye meno madogo madogo. Isipobaki, vaa 35. Usilazimishe, tope jekundu likijaa pale gurudumu linasimama kabisa, unabeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba wewe. Na usijaze upepo mpaka tairi iwe chuma kama mafundi wa mjini wanavyopenda. Kwa mtu wa kilo 65 au 70 na tairi ya 38, paundi 40 zinatosha, nyuma ongeza kidogo. Mbele ibonye kwa dole gumba, ikubali kidogo.

Njia yenyewe iko hivi. Shuka kwenye basi Muheza, usijisumbue kuendesha kutoka Tanga mjini, hiyo ni barabara kuu ya malori na hakuna utakachokiona zaidi ya mkonge na moshi. Muheza mwezi wa nane machungwa bado yapo, jaza mfuko. Ukiiacha Muheza unapita mashamba ya michungwa na mafenesi, vilima vidogo vya kupanda na kushuka, vumbi jekundu. Hapo ndipo wageni wanapoteza miguu yao kwa kukimbia. Nenda taratibu. Kutoka Muheza hadi Zigi ni kama kilomita 25, na mlima wenyewe bado hujauona.

Baadaye unaingia Longuza, shamba la serikali la mitiki. Hapa sikiliza. Mtiki kiangazi unapukutisha majani, na jani lake ni kubwa kama sinia. Mwezi wa nane barabara inatandikwa majani makavu, yanalia kra-kra chini ya tairi, raha kweli, lakini chini ya majani hayo kuna mawe na makorongo ya maji ya masika ambayo huyaoni. Fuata mstari wa magurudumu ya gari, usitoke pembeni kwa tamaa ya picha. Na yakipita malori ya magogo, simama kabisa, acha vumbi lishuke ndipo uendelee.

Ukishapita kijiji cha Kisiwani hewa inabadilika, unaanza kusikia maji. Huo ndio Zigi. Ni maji hayohayo tunayokunywa Tanga mjini, maana mto unashuka hadi bwawa la Mabayani ndipo unasafishwa. Kwa hiyo ukiogea, ogea bila sabuni, mwanangu, mimi nipo huku chini nachemsha chai.

Pale Zigi kuna geti la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Utalipa kiingilio, wanakupa namba ya malipo unalipa kwa simu, kwa hiyo uwe na salio kabla hujafika, mtandao bondeni unakuja na kuondoka. Utaona nyumba ya zamani ya kituo cha reli. Wajerumani walikuwa na kireli chembamba kutoka Tengeni mpaka hapo, mwanzoni mwa karne iliyopita, cha kushushia mbao. Reli yenyewe ilishang'olewa zamani, ila nyumba ipo, na kuna vyumba vya kulala wageni. Laleni hapo usiku wa kwanza. Msipande Amani jioni na miguu iliyokwisha.

Bint Kigamboni

Fundi, nimecheka peke yangu kwenye daladala. Nimempigia mdogo wangu nikamsomea habari ya tairi, sasa hivi hatushikiki nyumbani.

Nimepima, 38 inaingia mbele na nyuma. Sasa niambie mlima wenyewe. Kutoka Zigi hadi Amani, mtu aliyezoea Kigamboni atapanda? Na mvua? Huku wananiambia mwezi wa nane kiangazi.

Fundi Spoku

Kiangazi cha Dar siyo kiangazi cha Amani. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, hayo kila mtu anayajua. Lakini milima ile iko karibu na bahari, inapokea unyevu wa kwanza, na mvua ya mwaka mzima inakaribia milimita 2,000. Hakuna mwezi ambao utaapa hainyeshi. Mwezi wa nane utapata manyunyu ya alfajiri, saa nne jua linatoka, barabara inakauka juu juu. Wewe subiri hiyo saa nne. Mimi safari ya Amani sijawahi kuipanga kwa kilomita. Naipanga kwa mvua iliyonyesha jana usiku.

Sasa mlima. Zigi iko kama mita 450 kutoka usawa wa bahari, Amani kwenye ofisi za hifadhi ni mita 900 na kitu. Katikati ni kilomita kama 9. Kwa hesabu unapanda mita 5 kila mita 100, siyo ukuta. Lakini hiyo ni wastani, kuna kona za ndani zinazosimama zaidi ya hapo, na moramu imeliwa na maji, limebaki jiwe tupu.

Hesabu meno. Baiskeli kama yako kwa kawaida gia ndogo ya mbele ina meno 28, na kubwa ya nyuma ina meno 28 pia. Maana yake ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, unasogea mita 2 na kidogo. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 8 kwa saa. Kwa hiyo Zigi hadi Amani ni saa moja na robo ya kuzungusha bila papara, ongeza mapumziko na picha. Utapanda. Kaa kwenye kiti, usisimame kwenye pedeli, ukisimama gurudumu la nyuma linakosa uzito na kuzungukia hewani juu ya kokoto.

Mdogo wako ndipo penye kazi. Phoenix mbele ina meno 44 au 48, nyuma 18 au 20. Kila mzunguko mmoja inataka kwenda mita 5. Mlimani hiyo ni goti kuvunjika. Atafute frihwili ya nyuma yenye meno 22, siyo ghali, na aongeze pingili mbili za mnyororo. Bado kona kali atasukuma, wala siyo aibu. Watu wa kule wote wanasukuma kupanda. Kushuka ndiko wanakoendesha, na mikungu ya ndizi miwili nyuma.

Niliwahi kusimama kona moja juu ya Zigi nikamtazama mzee mmoja anashuka. Kamba ya tyubu imefunga ndizi kwenye karia, breki ya mbele haipo kabisa, ya nyuma waya tupu. Ameweka mguu wa kulia nyuma, kandambili imekaa juu ya tairi, anabana na kuachia, anabana na kuachia. Kandambili imeliwa mpaka ikawa na mfereji wa saizi ya tairi. Alivyofika kwangu akanisalimia bila kusimama, maana hawezi kusimama.

Nimekusimulia hilo kwa sababu ya breki. Phoenix ina rimu za chuma zilizopakwa kromu. Kavu zinashika, zikilowa maji raba inateleza tu, unaminya breki mkono mzima na baiskeli inaendelea na safari zake. Kama kumenyesha, mdogo wako asishuke amepanda. Ashuke kwa miguu mpaka pakavu. Wewe una rimu za alumini, afadhali, lakini tope jekundu lina mchanga ndani, linakula raba za breki kama msasa. Vaa mpya kabla hujatoka Dar na beba jozi moja ya akiba. Kushuka usiminye mfululizo. Minya, achia, minya, achia, mbele na nyuma kwa zamu, na katikati ya mlima simama dakika tano rimu zipoe.

Mnyororo: usipake oili chafu ya gari, najua vijana wanapenda. Inanasa vumbi, ukifika Kisiwani una simenti. Tone moja moja la mafuta ya cherehani, futa kwa tambara, beba kichupa, rudia jioni.

Kijana wa Kwamkoro

Mzee Spoku kamaliza, mimi naongeza machache maana nimezaliwa kwenye chai.

Mkishafika Amani msigeuze siku hiyohiyo. Laleni huko, kuna nyumba za wageni, na usiku ni baridi, beba sweta. Kesho yake endesheni hadi Kwamkoro bila mizigo. Ndiyo sehemu tamu kuliko zote, mnatoka kwenye msitu mzito ghafla mnaingia kwenye chai, kisha msitu tena. Hakuna mlima mrefu kama ule wa Zigi, kwa hiyo dada utakimbia. Lakini piga kengele kila kona. Trekta la kubeba majani mabichi linakata kona katikati ya barabara, dereva anawahi kiwandani na hategemei kukuta mtu wa Kigamboni.

Ukiona mti mrefu, shina jeupe limenyooka, matawi yako juu tu, hiyo ni Maesopsis. Wageni wanaisifia msituni kumbe nayo ni mgeni, ililetwa, ikakimbilia kwenye mapengo ya msitu uliokatwa mbao. Hondohondo wanakula matunda yake na kuzitawanya mbegu, kwa hiyo kila mwaka iko kona mpya. Bustani ya miti pale Amani ni ya tangu 1902, Wajerumani walikuwa wanajaribu mimea ya kila nchi. Hifadhi yenyewe ni ya 1997.

Barabarani tazameni kinyonga. Anavuka hatua moja mbele, anayumba, anarudi nyuma nusu, ukimkuta kwenye mstari wako huna jinsi ila kusimama. Na baada ya mvua jongoo wakubwa wanajaa njiani.

Kisiwani na vijiji vya jirani kuna watu wanafuga vipepeo. Walikuwa wanauza pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya ganda, nje ya nchi, mpaka serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai mwaka 2016. Ukiomba kwa adabu watakuonyesha vyumba vya nyavu. Nunueni iliki na mdalasini kwa wenye mashamba moja kwa moja, mjini bei ni nyingine kabisa.

Msambaa wa Lukozi

Nimesoma yote. Bado nasema Mtae. Lakini ile ya kandambili imenishinda, huku kwetu tunatumia kipande cha tairi la gari.

Pikapika Moro

Kwa nini msipande na basi kutoka Muheza hadi Amani, baiskeli juu ya karia ya basi, halafu mshuke tu? Mnajitesa nini.

Fundi Spoku

Bwana Pikapika, unaweza, na kwa mwenye goti bovu nitamwambia afanye hivyo. Lakini ukishuka tu, macho yako yote yako barabarani mita 5 mbele, vidole kwenye breki, mto huuoni wala huusikii. Mto unausikia ukipanda, kwa sababu unakwenda polepole na upepo hauko masikioni. Zile mbega nazo, ukishuka kwa kelele za breki zinakimbia. Ukipanda unahema tu, zinakutazama. Basi liwe la dharura, na bodaboda zipo Amani na Zigi, hakuna atakayelala njiani.

Bint Kigamboni

Asanteni sana wote. Nimeagiza tairi za 38 na raba mbili za breki. Mdogo wangu ameenda Kariakoo kutafuta frihwili ya 22, amepata.

Swali la mwisho, fundi. Kutoka Dar na basi, baiskeli mbili zinapakiwaje? Mara ya mwisho nilisafirisha baiskeli ikafika spoku mbili zimepinda na hakuna aliyekubali kuhusika.

Fundi Spoku

Fika kituoni saa nzima kabla, kabla buti halijajaa mizigo. Malizana na kondakta bei ya baiskeli hapohapo, na akuandikie kwenye tiketi, usikubali ya "tutaongea njiani". Mwambie unashuka Muheza, isije ikawekwa nyuma ya mizigo ya Tanga.

Toa gurudumu la mbele, lifunge ubavuni mwa fremu kwa tyubu ya zamani, siyo kamba ya katani, inakwangua rangi. Kati ya ncha mbili za uma wa mbele weka kipande cha mti upana uleule wa ekseli, ukikaze, ili mzigo ukiegemea uma usibanwe. Usukani ugeuze ulale sambamba na fremu. Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kugeuza upande wa saa, kinyume na ulivyozoea, waambie na wale vijana wa stendi wasikuvunjie nati. Lainisha upepo kidogo kwenye tairi zote.

Phoenix iache nzima, isimamishwe, mizigo mingine ndiyo iegemee. Ile haipindi. Na mkishuka Muheza, kabla ya kuondoka stendi, zungusha kila gurudumu ukitazama raba za breki. Likigusa mahali, pale pale stendi kuna mafundi chini ya miembe, mwambie mmoja akunyooshee kwa spana ya spoku, asikugongee kwa nyundo. Akishika nyundo, mshukuru uende kwa mwingine.